Treni Ndogo Inapokwama: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu ya Umeme Kwenye Reli za Mfano

Treni nyingi za mfano hazina betri ndani yake. Nguvu zote zinatoka kwenye reli zinazokanyaga: reli ya kulia ni waya mmoja, ya kushoto ni waya wa pili, na magurudumu ya chuma ndiyo yanayochukua umeme na kuufikisha kwenye mota iliyo ndani ya kichwa cha treni. Nyaya hizo mbili hazikuvikwa plastiki. Zimelala wazi juu ya meza, zinashika vumbi, zinaungwa kila baada ya nusu mita au mita moja, zinagawanyika kwenye njia panda, na mara nyingine zinajizungusha hadi kurudi zilikotoka. Fundi wa umeme wa majumbani akiletewa kazi ya namna hiyo ataikataa. Kwa hiyo si ajabu kwamba hitilafu za umeme ni sehemu ya kila siku ya shughuli hii, na kwamba kuzitafuta kumekuwa ujuzi wenye taratibu zake.

Shughuli yenyewe ilikulia Ujerumani, Uingereza na Marekani. Kampuni ya Märklin, iliyoanzishwa mjini Göppingen mwaka 1859, ilionyesha Leipzig mwaka 1891 treni za kutia ufunguo zilizokuwa na reli za vipimo maalumu, na kuanzia hapo mnunuzi akaweza kuongeza vipande kidogo kidogo badala ya kununua kila kitu mara moja. Leo kipimo kinachotumika zaidi duniani kinaitwa H0, ambacho hupunguza kila kitu mara 87. Reli ya kipimo sanifu, yaani SGR, yenye upana wa milimita 1,435 inageuka kuwa njia ya milimita 16.5. Ile reli ya zamani ya Afrika Mashariki, ya upana wa mita moja, kwa kipimo hichohicho huwekwa kwenye njia ya milimita 12. Wenye vyumba vidogo hupendelea kipimo cha N, ambacho njia yake ni milimita 9 tu. Mjini Hamburg, jumba la Miniatur Wunderland lililofunguliwa mwaka 2001 limejaza maghala ya zamani ya bandari kwa treni za H0. Hata hivyo, hitilafu ya Hamburg na ya meza inayolingana na mlango mmoja zinatafutwa kwa njia ileile.

Kabla ya kushika bisibisi, lazima ijulikane ni mfumo upi unaotumika. Mfumo wa zamani wa reli mbili unatumia mkondo mnyoofu usiozidi volti 12 hivi. Volti zikipandishwa treni inaongeza mwendo. Chanya na hasi zikibadilishana, treni inarudi nyuma. Kwa utaratibu uliokubalika, chanya ikiwa kwenye reli ya kulia, kichwa kinakwenda mbele. Udhaifu wake ni kwamba treni zote zilizo kwenye njia moja hutii amri moja. Ili treni mbili ziende kila moja kivyake, njia hukatwa vipande vipande na kila kipande kupewa swichi yake, na chini ya meza nyaya zinaongezeka hadi mwenyewe anapotea humo.

Mfumo wa dijitali unaoitwa DCC ulikuja kupunguza fujo hiyo. Msingi wake ulibuniwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na katika miaka ya 1990 ukafanywa kuwa kanuni rasmi na NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa reli za mfano kilichoanzishwa mwaka 1935. Hapa reli hubaki na umeme wakati wote, kiasi cha volti 15 kwa H0, lakini chanya na hasi hubadilishana kwa kasi kubwa, na mabadilishano hayo ndiyo yanayobeba ujumbe. Katika alama ya 1, kila upande hudumu mikrosekunde 58. Katika alama ya 0, mikrosekunde 100 au zaidi. Ndani ya kila kichwa kuna dikoda, kibati kidogo cha elektroniki kinachosikiliza namba yake na kupuuza amri za wenzake. Wauzaji walipenda kusema kwamba DCC inahitaji nyaya mbili tu. Kuna ukweli humo, ila hawakutaja upande wa pili: pale ambapo zamani kosa lilisimamisha kipande kimoja, sasa shoti moja huzima meza nzima.

Märklin kwa upande wake waliendelea na njia yao. Reli zao mbili za nje ni upande mmoja wa umeme, na upande wa pili unapita katikati, kwenye vinundu vidogo vinavyochomoza juu ya mataruma. Mpangilio huo hauvutii macho kwa sababu reli za kweli hazina vinundu, lakini umewaepusha wateja wao na mojawapo ya makosa magumu kuliko yote, ambalo litaelezwa baadaye.

Hitilafu zote, hata zionekane nyingi vipi, zinaingia katika makundi matatu. Ama umeme haufiki kabisa, na treni inazimika mahali palepale kila mara. Ama unafika ukiwa umechoka: treni inakwenda vizuri karibu na kidhibiti kinacholisha reli, kisha inazorota kadiri inavyosogea mbali, taa zinafifia, dikoda inakosa amri. Ama unapita usipotakiwa kupita, yaani shoti, na kidhibiti kinajizima. Makundi haya hayatafutwi kwa namna moja. Anayetafuta shoti kwa mbinu za kutafuta waya uliokatika atamaliza Jumapili nzima bila jibu, na kinachowapotezea watu muda zaidi si ukosefu wa vifaa bali ni kuanza kufungua nyaya kabla ya kujua wanatafuta nini.

Swali la kwanza ni kama ugonjwa uko kwenye treni au kwenye njia. Jibu lake halihitaji kifaa chochote: kinawekwa kichwa kingine kinachojulikana kuwa kizima, kikapitishwa mahali palepale. Kikipita bila shida, mwenye makosa ni kichwa cha kwanza. Vikikwama vyote viwili, ni njia. Hatua hii inachukua dakika moja, na watu huiruka kila siku.

Swali la pili ni uchafu, nao una sehemu kubwa kuliko wengi wanavyokubali. Magurudumu yanapozunguka hutoa cheche ndogo sana, na cheche hizo pamoja na mafuta ya mashine, vumbi na plastiki inayolika kutoka kwenye magurudumu ya mabehewa ya bei rahisi huacha juu ya reli utando mweusi usiopitisha umeme. Reli husafishwa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili. Kwa magurudumu, karatasi laini iliyoloweshwa hutandazwa juu ya reli, kichwa kikashikwa kwa mkono ili magurudumu ya mbele yakanyage karatasi na yale ya nyuma yakanyage reli tupu, kisha umeme ukafunguliwa. Magurudumu yanazunguka palepale na kuacha mistari miwili myeusi kwenye karatasi. Inarudiwa hadi mistari isionekane. Msasa haufai kwa kazi hii. Unang'arisha reli kwa wiki mbili, lakini mikwaruzo yake inageuka kuwa mifereji ya kuhifadhia uchafu mpya.

Ikiwa njia ni safi na treni bado inazorota, macho yahamie kwenye viungio. Reli za kisasa hutengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki. Inang'aa kama fedha ingawa haina fedha ndani yake, na inapinga umeme zaidi ya mara kumi kuliko shaba tupu. Hilo pekee lingevumilika. Kinachomaliza nguvu ni kiungio, kibati chembamba kilichokunjwa ambacho huingizwa chini ya ncha za reli mbili na kuzishika kwa ukakamavu wake tu. Kila reli inapovutwa na kurudishwa, kibati kinalegea. Rangi inayopakwa ubavuni mwa reli ili ifanane na kutu inapenya humo. Kisha kuna gundi. Kokoto ndogo za kupambia njia hushikizwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji na kudondoshwa tone kwa tone, na maji hayo yenye gundi yanafyonzwa moja kwa moja hadi ndani ya kiungio, ambako gundi inakauka na kuwa kihami kizuri kabisa. Njia iliyofanya kazi mwezi mzima ikiwa tupu huanza kusumbua wiki moja baada ya kupambwa, na mwenye meza anabaki akishangaa kwa sababu hakugusa waya wowote.

Dawa yake ni kutokitegemea kiungio kupitisha umeme. Chini ya meza hupitishwa nyaya kuu mbili nene za shaba zinazofuata njia, na kutoka kwenye nyaya hizo matawi mafupi ya waya mwembamba hupanda kupitia matundu na kulehemiwa kwenye kila kipande cha reli. Kiungio hubaki na kazi ya kuzinyoosha reli tu. Unene wa nyaya kuu si suala la anasa, na hesabu yake ni nyepesi. Kipande kilicho mita 10 kutoka kwenye kidhibiti kinahitaji mita 20 za waya, kwa kuwa umeme lazima uende na urudi. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 kwa urefu huo una ukinzani wa takriban omu 0.7, na treni zikivuta ampea 3, volti 2 zinapotelea njiani. Waya wa milimita mraba 1.5, ambao mafundi wengi wanautumia kwa taa za nyumbani, unapoteza volti 0.7 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama treni itapanda mlima upande wa pili wa chumba au itasimama katikati.

Kifaa kikuu cha kazi hii ni multimita, ambayo mafundi huiita mita tu. Hata ya bei ya chini inatosha, mradi mwenye nayo ajue inasema nini. Inapowekwa kupima volti za DCC kwa upande wa mkondo geu, namba inayotoka mara nyingi si ya kuaminika, kwa sababu mita za bei rahisi zimetengenezwa kupima umeme wa nyumbani unaogeuka mara 50 kwa sekunde, ilhali alama za DCC hupishana kwa maelfu. Namba hiyo bado ina faida ikiwa inalinganishwa na nyingine iliyopimwa kwa mita ileile mahali pengine kwenye meza.

Mtego mkubwa zaidi ni kupima reli isiyo na mzigo. Kiungio kilichooza kinaweza kuonyesha volti 14 kamili kwenye mita, na mpimaji akaondoka akiwa ameridhika, halafu treni ikifika hapo inakufa. Ni kama bomba la mtaani wakati kila mtu amefunga koki: kipimo cha shinikizo kinapanda hadi juu hata kama njiani bomba limeziba nusu, na uzibaji unaonekana tu pale maji yanapoanza kutoka. Mita inavuta umeme mdogo mno kiasi kwamba haisumbui hata kiungio kibovu. Mafundi wazoefu kwa hiyo huweka mzigo wa kweli, na mzigo mzuri ni balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12 na wati 21, iliyolehemiwa nyaya mbili fupi. Balbu hiyo inavuta ampea 1.7 hivi, sawa na treni kadhaa za H0 kwa pamoja. Ikishikizwa kwenye reli za mwisho kabisa na kuachwa inawaka, udhaifu wote unajitokeza.

Wakati balbu inawaka, mita inaweza kufanya kazi nzuri zaidi kuliko kupima reli moja dhidi ya nyingine. Ncha moja ya mita huwekwa juu ya reli kabla ya kiungio, na ncha ya pili juu ya reli hiyohiyo baada ya kiungio. Kiungio kizima hakipotezi kitu, kwa hiyo mita inasoma sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma volti moja au zaidi, kiungio hicho kinakula umeme, na hakuna haja ya kubishana nacho. Kwa namna hii fundi anatembea na mita kiungio hadi kiungio, na njia ndefu yenye viungio ishirini inakaguliwa bila kung'oa hata kimoja. Mbinu hiyohiyo inafaa kwa swichi, konekta na sehemu zilizolehemiwa chini ya meza.

Shoti inahitaji mwendo tofauti. Kwanza treni na mabehewa yote yanaondolewa mezani. Shoti ikitoweka, ilikuwa imepanda treni: gurudumu lililowekwa upande usio wake, au magurudumu ambayo umbali kati ya migongo yake umepungua kutoka milimita 14.5 hivi zinazotakiwa kwa H0, yakawa yanagusa reli mbili kwa pamoja yanapopita njia panda. Ikibaki, macho yazunguke mezani kabla ya mikono kuingia chini. Bisibisi iliyosahaulika, msumari mdogo, kipande cha waya kilichoanguka ndani ya handaki: vitu hivi vimewahi kuwapotezea jioni zao watu wenye shahada za uhandisi.

Inafaa kusema hapa kwamba reli za kweli huipenda shoti hii. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipewa hataza ya mfumo unaopitisha umeme mdogo kwenye reli. Treni inapoingia, magurudumu na ekseli zake za chuma huunganisha reli mbili, umeme haufiki upande wa pili, na taa ya ishara inageuka kuwa nyekundu. Mpaka leo njia nyingi za reli duniani zinatumia wazo hilo kujua treni iko wapi. Treni za mfano za reli mbili zimelazimika kufanya kinyume: kila ekseli ina kihami cha plastiki ili gurudumu la kushoto lisikutane kiumeme na la kulia. Hata nyaya za juu zinazoonekana kwenye treni nyingi za mfano huwa ni pambo. SGR ya umeme ya Tanzania inachukua volti 25,000 kutoka kwenye waya wa juu, lakini mfano wake kwenye meza ungeendelea kunywa kutoka chini.

Shoti isiyoonekana hutafutwa kwa kugawa. Njia yote inatenganishwa nusu kwa nusu kwenye konekta, kisha kila nusu inapimwa. Ile isiyo na shoti inasahauliwa, na ile yenye shoti inagawanywa tena. Meza yenye vipande 16 inahitaji vipimo vinne tu kumfikia mwenye makosa, ilhali anayefungua kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha anaweza kulazimika kupima 15. Sharti lake ni kwamba meza iwe imefungwa kwa namna inayoruhusu kutenganishwa, na wengi hugundua umuhimu wa konekta siku ambayo hawana hata moja.

Balbu ya indiketa inarudi kazini hapa pia. Ikiunganishwa kwa mfululizo kati ya kidhibiti na reli, shoti inapotokea balbu inawaka kwa nguvu na kuuzuia mkondo usizidi ampea 2 hivi. Kidhibiti hakijizimi, na fundi anapata nafasi ya kutikisa nyaya, kusukuma njia panda na kubonyeza reli kwa kidole huku akiitazama balbu. Pale inapozimika ndipo pa kuangalia.

Njia panda zenyewe zina sehemu moja korofi: kipande chenye umbo la V ambako reli ya kulia ya njia moja inakutana na reli ya kushoto ya njia nyingine. Kiumeme hizo ni adui. Watengenezaji wengine hutengeneza V hiyo kwa plastiki. Hakuna shoti, lakini kichwa kifupi chenye magurudumu machache kinazimika katikati kwa kuwa kinakanyaga kitu kisicho na umeme. Wengine huitengeneza kwa chuma, na hapo treni inapita vizuri, ila V lazima ibadilishiwe upande wa umeme kila njia inapohamishwa. Kazi hiyo inafanywa na swichi ndogo inayosukumwa na mota ya njia panda. Swichi hiyo ikiteleza hata kidogo, treni inafika kwenye V na kukutana na umeme wa kinyume. Dalili yake ni ya wazi: shoti inatokea kwa mwelekeo mmoja wa njia panda na haitokei kwa mwingine. Pakiwa na dalili hii, hakuna sababu ya kugusa kitu kingine.

Sasa lile kosa ambalo Märklin waliliepuka. Njia ikizunguka na kujirudia, kiasi kwamba treni inatoka kwenye njia panda na kurudi palepale ikiwa imegeuza uso, reli ya kulia inafika nyumbani ikiwa ya kushoto. Chanya inagonga hasi. Hakuna waya mbovu, hakuna kiungio kilicholegea. Kosa limo kwenye ramani yenyewe, na mita haitamsaidia anayelitafuta kwenye nyaya. Penseli za rangi mbili ndizo zinazolifichua. Reli moja inafuatwa kwenye mchoro kwa nyekundu, ya pili kwa bluu, bila kuruka njia yoyote, na popote nyekundu inapokutana na bluu ndipo penye mgongano. Tiba ni kukata reli zote mbili kwenye ncha zote mbili za kipande fulani cha mzunguko huo, kipande kirefu kuliko treni ndefu kuliko zote, na kukipa swichi au kifaa cha kielektroniki kinachokibadilishia chanya na hasi treni ikiwa ndani. Kwenye DCC kifaa hicho hufanya kazi chenyewe, haraka kiasi kwamba treni haishtuki.

Hitilafu zinazokuja na kuondoka ndizo zinazochosha. Mara nyingi chanzo chake ni joto na unyevu. Mita 10 za reli, joto likipanda nyuzi 20, huongezeka urefu kwa takriban milimita 3, na mbao zilizo chini yake zinavimba na kusinyaa kwa unyevu kwa mwendo wao wenyewe. Mkato wa msumeno uliowekwa kutenganisha vipande viwili huwa na upana wa milimita moja au pungufu. Mchana wa jua kali reli zinakutana, shoti inatokea, na jioni kila kitu kinakuwa kizima tena. Mkato ujazwe kipande cha plastiki kilichogandishwa kwa gundi na kusuguliwa kikafuata umbo la reli. Chanzo kingine ni lehemu iliyopoa vibaya, ambayo inashika waya bila kuungana nao. Huwa imefifia na ina chembechembe badala ya kung'aa, na waya wake ukivutwa kidogo unachezacheza. Kulehemu reli kunataka ncha yenye moto wa kutosha na mkono wa haraka, kwani mataruma ya plastiki huanza kuyeyuka anayelehemu akisitasita. Utomvu wa kulehemia uwe wa elektroniki, usiwe ule wa asidi wa mafundi bati. Ule wa asidi unaendelea kula waya miezi baada ya kazi kwisha.

Kazi ya chini ya meza inauchosha mwili pia. Meza nyingi zina kimo cha mita moja na zaidi kidogo, na anayelala chali na lehemu ya moto juu ya uso wake anahitaji miwani ya kinga kabla ya kitu kingine chochote. Vyumba vingi vya treni vina kiti cha zamani cha kupumzikia kilichofukuzwa sebuleni, cha kuvutia kwa kutazama treni zikizunguka, lakini kimebonyea kiasi kwamba aliyekikalia hafiki kwenye waya wala hainuki kwa urahisi. Kigoda kifupi chenye magurudumu kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Bora kuliko vyote ni kuzileta konekta zote kwenye ubao wenye bawaba pembezoni mwa meza, ubao unaoshushwa kama kifuniko, ili fundi akae mbele yake na taa begani.

Rangi za nyaya na lebo zinapaswa kuwekwa siku ya kwanza. Nyekundu kwa reli moja na nyeusi kwa nyingine, bila kubadilika hata pale waya mwekundu unapokwisha dukani, na daftari linaloonyesha kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Kwa wengine nyaya hizo huwa ndiyo shughuli yenyewe: chama cha reli za mfano cha wanafunzi wa chuo cha MIT, kilichoanzishwa mwaka 1946, kilikuwa na kundi zima la watu waliovutiwa na kilichokuwa chini ya meza kuliko treni zenyewe. Wakitumia vifaa vya kubadilishia simu, walijenga mfumo wa udhibiti uliowatawala siku na usiku, na mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi yao walihamia kwenye kompyuta za chuo na kuwa miongoni mwa waandishi wa mwanzo wa programu.

Upande mmoja wa kazi hii haupaswi kuguswa na mwenye meza. Volti 15 za reli hazimdhuru mtu, lakini ndani ya adapta au transfoma mna umeme wa nyumbani, na kifaa hicho kikiharibika kinabadilishwa. Hakifunguliwi juu ya meza ya treni. Vivyo hivyo, si busara kufunga adapta yenye nguvu kubwa kuliko ile iliyokusudiwa kwa matumaini kwamba treni itaamka. Ampea 4 kwa volti 15 ni wati 60, na zikielekezwa mahali pamoja kwenye gurudumu dogo la H0 zinayeyusha plastiki kabla mtu hajanusa moshi.

Kwa sababu hiyohiyo, baada ya kila matengenezo ya DCC njia hupimwa kwa sarafu. Sarafu ya chuma inalazwa juu ya reli mbili kwa makusudi, na busta inayolisha njia inapaswa kujizima mara moja. Inarudiwa kila mita moja au mbili, hasa kwenye ncha za mbali na kwenye kila njia ya maegesho. Mahali ambapo busta inaendelea kuwaka na sarafu inaanza kupata joto, ukinzani ulio njiani ni mkubwa kiasi kwamba busta inaidhani shoti kuwa treni nzito tu. Hapo sarafu iondolewe haraka, liongezwe tawi la waya au nyaya kuu zinenepeshwe, na kipimo kirudiwe kabla treni hazijarudishwa mezani.